Mstari Uliozibwa

“Hapa,” alisema Meya, akaligusa jiwe kwa ncha ya mwavuli wake. “Chonga hapa, Amos. Saa sita mchana mpiga picha wa gazeti atakuja.”

Amos Tranter hakuitazama ncha ya mwavuli. Alitazama juu yake, pale ambapo tope la mafuriko lilikuwa limejichorea mstari wake lenyewe, wa rangi ya chai iliyomwagika, ukiizunguka nguzo yote. Kutoka kwenye mwavuli hadi kwenye tope kulikuwa na shibiri mbili kamili. Hakuhitaji futi. Alikuwa amechonga mawe kwa miaka arobaini na minne, na mkono wake ulikuwa futi tosha.

“Maji yalifika pale,” alisema.

“Pale ni mawimbi tu.”

“Mawimbi? Mto Wen umeanza lini kuwa na mawimbi?”

“Boti za uokoaji, Amos. Zilipita zikirusha maji ukutani. Sisi tunafuata kipimo rasmi cha darajani, na kipimo kinasema hapa.”

“Kipimo cha darajani kilisombwa siku ile saa nne asubuhi. Kiliokotwa maili tatu huko chini, katika shamba la mtu. Kilikuwa kinasema nini, Giles, kikiwa kimelala kifudifudi kwenye viazi?”

Meya Giles Amphlett alitabasamu kwa subira ya mtu aliyezoea kuuza nyumba zenye ukungu. Na kweli ndiyo ilikuwa kazi yake. Umeya ulikuwa mkufu wa siku za sherehe. Siku nyingine alikuwa dalali, na ofisi yake ilikuwa ng'ambo ya uwanja wa soko, dirisha lake limejaa picha za nyumba mpya sitini zinazojengwa kwenye malisho ya kando ya mto. Sakafu za nyumba hizo zilikuwa zimekwisha kumwagwa zege. Kila mtu Wenbridge alijua zilipimwaje: shibiri mbili juu ya mstari wa mwaka 1947, ambao ndio uliokuwa mkubwa kuliko yote nguzoni. Meya alitaka mstari mpya uwe shibiri moja juu ya huo wa zamani. Juu kidogo, ili watu waone wameheshimiwa katika msiba wao. Si juu sana, ili zege lisiaibike.

“Jumanne kamati ya kanisa inakutana,” Meya alisema, sasa kwa sauti ya chini. “Kazi ya kutengeneza mnara. Miaka mitatu ya kazi, Amos, pale pale mlangoni kwako. Mwenyekiti wa kamati unamjua.”

“Namjua. Ananielekezea jiwe kwa mwavuli.”

“Basi saa sita.” Meya akampigapiga begani, akaondoka akiwaamkia wachuuzi kwa majina.

Ilikuwa saa moja asubuhi, Jumamosi ya soko. Vibanda vilikuwa vinasimamishwa, mabomba ya chuma yakigongana, mtu akimtukana mwenzake kwa kuegesha gari juu ya kamba zake. Harufu ya nyama ya nguruwe inayokaangwa ilikuwa inapigana na harufu ya tope, na tope lilikuwa linashinda. Wiki sita zilikuwa zimepita tangu mto urudi kitandani mwake, lakini harufu yake ilikuwa imekataa kuondoka nao.

Amos alitua mfuko wa vifaa chini ya nguzo. Jengo la soko lilisimama juu ya nguzo kumi na mbili za mawe mekundu, na hii ya pembeni, iliyo karibu na ngazi za kushukia mtoni, ndiyo iliyokuwa kitabu cha maji. Kila mafuriko makubwa yalikuwa na mstari wake na mwaka wake. Mjukuu kwa babu, kina Tranter ndio waliochonga. Mtu akitaka kununua nyumba mtaa wa chini alikuja kwanza hapa, akaweka kiganja kwenye mstari wa juu kabisa, akarudi nao nyumbani mwilini mwake: pajani, kiunoni, kokote ulipomfikia. Mhandisi angeweza kubishiwa. Padri pia. Nguzo haikubishiwa na mtu.

Mstari wa 1947 ulikuwa kazi ya baba yake, Jethro Tranter, na ulikuwa mzuri kuliko yote. Ulimfikia Amos katikati ya paja. Tarakimu zake zilikuwa nyembamba, zenye kina sawa toka mwanzo hadi mwisho, na ile tisa ilikuwa tisa ambayo Amos hakuwahi kuifikia. “Tisa ni mzee mwenye kichwa kizito na mguu mmoja,” baba yake alimfundisha. “Ukimpa mguu mfupi ataanguka. Mpe mrefu, halafu umkunje mwishoni apate pa kukanyaga.”

Alijaza ndoo bombani, akachukua brashi, akaanza kuiosha nguzo. Hasira ilikuwa mkononi tayari. Brashi ilikuwa ikilia. Jiwe la Wenbridge likinywa maji hugeuka rangi ya ini. Aliosha toka juu kwenda chini, na jiwe likanywa, likakoza. Kisha akasita.

Vidole viwili juu ya mstari wa tope, palikuwa na ukanda ambao haukukoza. Ulikuwa mwembamba, wa urefu wa mkono, umepauka kama kovu kwenye ngozi iliyoungua jua. Juu yake kulikuwa na mabaka mengine madogo, yamepauka vilevile, yamepangana.

Kwa miaka mingi masizi na kuvu vilikuwa vimepafunika. Mto ndio uliopasugua.

Aligonga kwa kitako cha tindo. Jiwe la pembeni lilijibu kwa sauti ya jiwe. Ule ukanda ulijibu kwa sauti nyingine, fupi, iliyochoka. Chokaa. Mtu alikuwa amesaga unga wa mawe mekundu, akauchanganya na chokaa, akaziba kitu, akalainisha kwa kidole kwa uangalifu mkubwa, kwa namna ambayo mwashi mwenzake tu ndiye angeweza kuifanya na mwashi mwenzake tu ndiye angeweza kuigundua.

Alichagua tindo dogo kabisa. Alichokoa. Chokaa ilitoka kwa vipande kama ganda la yai, na chini yake ukatokea mstari, ulionyooka, wa kina sawa toka mwanzo hadi mwisho. Akachokoa mabaka ya juu. Moja. Kisha tisa, na ile tisa ilikuwa na mguu mrefu uliokunjwa mwishoni apate pa kukanyaga. Nne. Na baada ya nne, mstari mmoja tu mfupi wa kulala, kichwa cha saba, kisha jiwe tupu.

Saba haikumalizwa. Hapo ndipo mtu alipomshika baba yake bega.

Amos alisimama mbele ya mstari ule, na mstari ulimfikia kooni.

“Nilijua siku moja utaufikia,” ilisema sauti nyuma yake.

Alikuwa Wilf Hancox, muuza mboga, mwenye miaka themanini na sita na kofia ya sufu iliyozeeka karibu naye. Alikuwa ameshika kabichi, amesahau kuiweka chini.

“Ulijua,” alisema Amos. Halikuwa swali.

“Nilikuwa na miaka tisa. Mji mzima ulikuwepo.”

“Basi sema, mzee. Sema kabla sijatafuta mahali pa kuiweka nyundo hii.”

Wilf aliitazama kabichi. “Wewe hujui ilivyokuwa. Tulikuwa watu saba katika chumba kimoja juu ya bucha. Mama alitundika blanketi katikati ili dada zangu wavae. Choo tulichangia nyumba tano. Baada ya mafuriko baraza likasema litajenga nyumba kumi na mbili, Safu ya Lambo, kila moja na bomba lake na choo chake. Mahali pekee lilipokuwa na ardhi ni pale mabondeni. Na mkaguzi wa serikali alikuwa anakuja Ijumaa kuiangalia nguzo. Alhamisi baba yako alikuwa hapa anachonga. Watu wakaja. Wanawake wakaja na watoto wao mikononi. Wakamwambia: Jethro, ukiuacha mstari huo pale hatujengewi.”

“Akakubali.”

“Alikataa. Alikataa mara mbili, Amos, nakuapia. Mama yangu alimshika miguu. Akamwambia maji haya yamekuja mara moja katika miaka mia, hayatarudi tena.”

“Na mara ya tatu?”

Wilf alibandua jani moja la kabichi. Ng'ambo, mtu wa mikate alikuwa ameanza kunadi.

“Mara ya tatu wakampa namba moja.”

Safu ya Lambo, namba moja. Amos alizaliwa humo. Alijifunza kutembea kwa kushika kuta zake. Mpaka leo ndimo alimolala, ghorofani, huku chini kuta zikiwa zimevuliwa lipu na mashine za kukaushia zikinguruma mchana kutwa. Nyumbani walisema namba moja walipewa kwa kuwa baba alipigana vitani. Mama yake alikuwa akiufuta ufunguo wake kwa kitambaa, kana kwamba ni medali.

“Miaka sabini na saba,” Amos alisema. “Mmenyamaza miaka sabini na saba!”

“Mwanzoni tulinyamaza kwa sababu ya nyumba. Baadaye tulinyamaza kwa sababu tulikuwa tumenyamaza.”

“Ulilibeba jeneza la Edie Pugh.”

“Nililibeba.”

“Mbele, upande wa kulia. Mimi nilikuwa nyuma yako. Lilikuwa zito, Wilf?”

Kabichi ilimponyoka mzee, ikabingirika mpaka kwenye ngazi za mto, na hakuna aliyeifuata.

Amos alimpa kisogo. Hakuwa na haki hata ya hasira ile, na hilo ndilo lililoizidishia moto. Kwa maana Edie Pugh wa namba sita alikuwa amemuuliza. Ilikuwa Jumapili, maji yakiwa langoni tu, yamelala kimya kama paka. Kitanda cha Edie kilikuwa kimeshushwa sebuleni kwa sababu nyonga zake zilikuwa zimekataa ngazi. Mfuko wake ulikuwa umefungwa, umewekwa mapajani. “Amos, mwanangu,” alisema, “nihame?”

Naye alicheka. Ndiyo, alicheka, akamtoa mfuko mapajani. “Uhamie wapi, Bibi Edie? Yale makubwa kabisa ya arobaini na saba yangekulowesha kizingiti tu. Kaisome nguzo. Baba yangu mwenyewe ndiye aliyeichonga.”

Akamfunika blanketi, akamwashia redio, akaenda kanisani kuwasaidia watu kuinua mabenchi. Muda wa misa moja tu. Aliporudi maji ya barabarani yalimfika kifuani na mlango wa namba sita ulikuwa umevimba, hausikii bega wala teke. Alivunja dirisha. Kitu cha kwanza kumjia, kikielea taratibu kama kinachotoka kumlaki, kilikuwa ule mfuko, umefungwa zipu vizuri.

Ripoti ya kifo ilisema moyo. Meya alisimama kanisani akasema moyo wake mkubwa ulichoka. Na watu wa Wenbridge, waliojua, waliimba.

Amos alichukua pimamaji. Alilaza ukingo wake kwenye mstari wa tope, akasubiri tone la hewa litulie katikati, akapiga chaki. Kisha akachukua tindo pana na nyundo ya mti, na kabla ya pigo la kwanza alivuta pumzi kama anayetaka kupiga mbizi.

Tok.

Kuna namna ya kuchonga mstari kwa ajili ya watu watakaokuja kupiga picha, na kuna namna ya kuuchonga ili mfa maji aupate kidoleni hata gizani. Alichonga hii ya pili. Alizama ndani ya jiwe kuliko baba yake, kuliko babu, tindo likienda na kurudi, vumbi jekundu likimwingia puani na kwenye kope. Tok, tok, tok. Chini ya dari ya soko kila pigo lilizaa mapigo mawili. Wateja wakaanza kugeuka. Wakasogea. Walioufahamu ule mstari wa kovu waliuona, wakatazamana, wakaangalia viatu vyao. Na kwa kutazama viatu hivyo Amos aliweza kuhesabu ni nani alijua.

“Ni nini hicho cha juu?” aliuliza Bron, muuza samaki, mikono imemetameta magamba. Alikuwa mgeni mjini. Alikuwa ameishi hapo miaka kumi na minane tu.

“Arobaini na saba. Ya kweli.”

“Na hii ya chini yenye tarakimu nzuri?”

“Hiyo ni nyumba kumi na mbili.”

Bron alitazama ya juu, akatazama ya chini, na alikuwa mwepesi wa akili. “Mungu wangu,” alisema. “Mbwa nyinyi.” Akawageukia wazee waliokuwa kwenye foleni yake. “Mbwa nyinyi, na kila Jumamosi mnanipunja bei ya samaki mkijifanya watu wa kanisa!”

Kufikia saa tano mstari ulikuwa umekamilika na mbili ya kwanza imesimama. Ndipo umati ulipompisha Lorna Skeet. Lorna alikuwa na saluni ndogo karibu na daraja, na nyumba yake ilikuwa Safu ya Lambo namba tisa. Alikuwa amekuja na mkasi mkononi, amemwacha mtu kitini na nusu ya kichwa.

“Amos, niambie si kweli. Niambie huchongi pale.”

“Nachonga pale, Lorna.”

“Unajua unafanya nini? Watu wa bima walikuwa hapa Jumatano na kamera zao. Wakiona hiyo, nani atanikatia bima? Nani atanunua ile nyumba? Ndiyo kitu pekee nilichonacho duniani!” Sauti ilikuwa inapanda. “Wewe mwenyewe unakaa namba moja! Unajichimbia kaburi na sisi sote unatutia humo!”

Wengine waliguna, na Amos alisikia kwamba guno lile halikuwa upande wake.

“Sijui,” alisema. Ndilo jibu alilokuwa nalo. “Sijui nani atainunua.”

“Hujui! Eti hajui!”

“Unalala wapi, Lorna? Juu au chini?”

“Juu. Kwa nini?”

“Edie alilala chini.”

Lorna alisimama na mkasi wake. Edie ndiye aliyekuwa akimtunzia watoto, zamani, saluni ikiwa changa. Hakuondoka, na hakumsamehe; alikaa palepale mbele, macho makavu, akilitazama tindo likila nyumba yake.

Tok, tok. Sufuri. Mbili.

“Amos!”

Meya alikuwa amevaa mkufu. Nyuma yake alikuja msichana wa gazeti na kamera shingoni. Umati uliwapisha taratibu kuliko ilivyohitajika.

“Nilisema hapa,” Meya alisema, na kweli akaunyoosha mwavuli, akaigusa tena ile sehemu tupu ya jiwe.

“Nilikusikia.”

“Basi umepungukiwa akili. Nguzo hii ni urithi. Huwezi kuikwaruza kama ukuta wa choo. Weka nyundo chini.”

“Bado nne.”

“Nini?”

“Nimebakiza nne. Mbili, sufuri, mbili, nne.” Amos aliendelea kugonga. “Soma hicho cha juu kabisa, Giles. Unaweza kukisoma? Saba haikumalizwa, lakini wewe ni mtu msomi.”

Meya alisoma. Alikuwa mfupi, ikabidi ainue uso. Uso huo ulibadilika, na Amos, aliyekuwa amejiandaa kuona mshangao, hakuona mshangao. Aliona mtu anayefanya hesabu.

“Hata wewe ulijua,” alisema.

“Baba yangu alikuwa karani wa baraza. Watu husimuliana.” Meya alishusha sauti. “Sikiliza. Zile nyumba sitini si za matajiri. Ni za vijana wa hapa hapa, wasio na pa kwenda. Unafikiri baba yako alikuwa mwovu? Aliwapa watu paa. Mimi nafanya alichofanya yeye.”

Hilo ndilo lililomfikia. Amos aliacha kugonga. Kwa dakika moja soko lote lilisikika: bata mtoni, karatasi ya kufungia jibini, mtoto akidai kitumbua cha sukari. Kwa dakika hiyo alimwona baba yake hapa hapa, kijana wa miaka ishirini na mitano, tindo kwenye kichwa cha saba, wanawake wakimzunguka, na alijua kwamba mtu yule hakuwa mwovu. Angekuwa mwovu, ingekuwa nafuu.

“Ndiyo,” alisema. “Unafanya alichofanya yeye. Yeye alichukua miaka sabini na saba kumuua mtu mmoja. Wewe una nyumba sitini.”

“Chunga mdomo wako.”

“Meya!” aliita Bron kutoka nyuma. “Simama hapo nguzoni tukupige picha! Tuone maji yangekufika wapi!”

“Kidevuni!” mtu akajibu.

“Aa, masikioni! Ila humo hayaingii, pamekwisha jaa!”

Kicheko kililipuka, kikali, cha watu ambao nusu yao walikuwa wanajicheka wenyewe na hawakutaka kusikika. Msichana wa gazeti alikuwa amekwisha inua kamera. Meya aliweka kiganja mbele ya lenzi, na picha hiyo ndiyo iliyopigwa.

“Mnara utachongwa na mtu mwingine,” alisema, midomo imekauka.

“Mpe. Ni mnara mzuri.”

“Na Jumatatu mwanasheria wa baraza atakuandikia.”

“Aandike. Mwambie asikosee anwani. Namba moja, Safu ya Lambo, ghorofani. Chini hakuna mtu.”

Meya alivuka uwanja kurudi ofisini kwake, mkufu ukimpigapiga tumboni. Amos alimaliza nne. Akapuliza vumbi. Akapitisha kidole katika kila tarakimu, toka ya kwanza hadi ya mwisho, kisha akapiga goti.

Watu walidhani anakusanya vifaa. Wilf ndiye aliyeelewa kwanza. Alisukuma watu kwa viwiko vyake vya kizee.

“Usiufute, Amos. Mchukie, mchukie mzee wako, unayo haki. Ila usiufute. Hakuna tisa kama ile toka hapa mpaka baharini.”

“Ndiyo maana mstari huu uliua,” alisema Amos. Tindo lilikuwa kwenye mstari wa baba yake, mwanzoni kabisa, ambapo kila mstari wa Jethro ulianza kwa nukta ndogo kama ya kalamu. “Ungekuwa mbaya, mtu angeushuku. Mtu angeuliza. Uliaminiwa kwa sababu ulikuwa mzuri.”

Safari hii hakulaza pimamaji wala hakupiga chaki. Akapiga hivyo hivyo, pigo baada ya pigo, mchirizi mmoja wa mshazari toka juu kushoto hadi chini kulia, ukipita katikati ya mwaka na mstari, namna mwalimu anavyokata hesabu iliyokosewa na kuiacha isomeke. Ulikuwa mchirizi mbaya, wenye meno, kazi mbaya kuliko yoyote aliyowahi kuifanya mbele ya watu. Vumbi lake lilimwangukia magotini.

Aliposimama wengi walikuwa wametawanyika. Soko lina kazi zake. Wilf alikuwa amerudi kwenye viazi vyake na hakuwa anauza. Lorna alikuwa ameondoka bila kuaga.

Mwanamke kijana alikuwa amebaki, mwenye koti la mvua la manjano. Chini ya kwapa alikuwa na bahasha kubwa kutoka kwa dalali, yenye picha ya nyumba mpya na miti ambayo bado haijapandwa, na kwenye kikapu chake fungu la karoti.

“Samahani,” alisema. “Huo mstari mpya. Ndio maji kweli? Si mawimbi?”

“Simama uone,” alisema Amos.

Alisita. Kisha akaweka kikapu chini, akaiegemeza bahasha kwenye kikapu, akageuka, akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa jiwe lililolowa. Akaweka visigino sawa, kama mtoto anayepimwa urefu. Hakuweza kuuona mstari; aliutafuta kwa kupapasa, kiganja kikipanda pembeni mwake, kifuani, begani, mpaka vidole vilipoingia ndani ya mstari.

Akausogeza mkono ule, ukiwa bapa, usawa ule ule, mpaka shingoni mwake.

Na akakaa hivyo, watu wakipita na mikate yao mbele yake, kidevu kikiinuka taratibu, kikiinuka tena, mdomo umefunguka kidogo.